Damu ya Asya na Mbu wa Kiwengwa

Nyinyi vijana wa ukoo huu mnanicheka, na mimi najua mnavyonicheka. Mnasema shangazi Rukia akivuka Darajani keshasafiri, na akitaka kwenda Mwanakwerekwe huaga majirani na kuwaomba radhi. Sikatai. Kazi yangu yote nimeifanya nimekaa kitako juu ya stuli ndefu, jicho moja nimelibana, jingine nimelitumbukiza kwenye hadubini, katika chumba cha maabara ambacho dirisha lake lilitazama ukuta. Siku niliyostaafu nikashuka kwenye stuli ile, nikaja kukaa kwenye kiti hichi mnachoniona nacho. Tofauti ni moja tu: hichi kina mto.

Sasa Mwanaidi ameanza masomo ya maabara, na wenzake wawili watatu wanamfuata nyuma, mmekuja kunambia niandike habari za kazi. Nimeishia kidato cha nne, na Kiingereza cha vitabu vyenu kinanitoa jasho. Lakini damu naijua. Nimeisoma damu ya mji huu mpaka nikikutana na mtu sokoni namkumbuka kwa seli zake kabla ya jina lake. Basi nitaandika nnavyozungumza, na penye kosa mtacheka, kwani hilo mmeshalizoea.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Tone la damu linawekwa juu ya kipande cha kioo. Unachukua kioo cha pili, unakiinamisha, unaligusa lile tone likimbie ukingoni, kisha unasukuma mbele kwa mkono mmoja bila kusita. Ukisita, damu inapiga mawimbi. Ukikandamiza, seli zinapasuka. Ikitoka vizuri, inaanza nene na kuishia nyembamba kama ulimi, na pale kwenye ncha ya ulimi ndipo pa kusoma. Unaiacha ikauke, unaitia rangi, unaiosha, unakaa kitako.

Aliyenifundisha ni Mzee Khatibu, mtu wa Tumbatu, mrefu, mwenye maneno machache na yote makali. Kioo changu cha kwanza alikiinua kwenye taa akakitazama kwa muda mrefu.

"Rukia, mwanangu," akasema, "hii umesambaza damu au umepaka samli mkate?"

Nikajifunza. Nikajifunza pia kuwa wakati wa masika damu haikauki upesi, na seli zinavimba zikawa na sura za ajabu, basi lazima uipepee. Na kuwa sisimizi wa Unguja wanapenda damu kuliko halua. Hilo nililijua siku nilipoacha kioo mezani nikaenda kunywa urojo. Niliporudi nikakiweka chini ya hadubini, nikaona matundu ya mviringo, seli zimefutika kabisa, hapa shimo, pale shimo. Mwili wote ukanisisimka. Nikasema leo nimegundua maradhi mapya, jina langu litaandikwa. Nikamwita Mzee Khatibu mbio mbio. Akainama, akatazama, akainua kichwa taratibu.

"Maradhi haya nayajua," akasema. "Yana miguu sita."

Siku hizi kuna mashine. Unaipa kijichupa cha damu, inanguruma, inakutolea hesabu zote kwenye karatasi kabla hujamaliza kupiga mwayo. Sina chuki nayo, mashine haiendi kunywa urojo. Lakini Mwanaidi, hata mashine ikikwambia ziko ngapi, omba utazame mwenyewe mara moja moja. Zina sura.

Seli nyekundu hizo ni umma tu, zimejaa uwanja mzima. Za kutafuta ni nyeupe. Kuna zile ambazo kiini chao kimefinywafinywa kama shanga tatu nne kwenye uzi mmoja. Hao ni watu wa mbio. Ukijichoma mwiba, hao ndio wa mwanzo kufika, wanakula vijidudu, wanakufa papo hapo, na usaha unaouona ni maiti zao. Nilizipenda tangu siku ya kwanza kwa vile hazifichi kitu.

Halafu kuna limfositi. Ya duara, kiini cheusi kimejaa seli nzima, kando pamebaki ukingo mwembamba tu wa rangi ya samawati. Haina shanga, haina punje, haina pambo lolote. Siku nzima unazikuta zimekaa vile vile.

"Mzee," nikamuuliza, "na hizi kazi yao nini? Zimekaa tu."

"Kama weye," akajibu. Kisha akaona nimenuna, akavuta stuli yake. "Mtu akiwa na kirusi, hizi ndizo utakazoziona zimezidi. Nyingine zimenenepa, kiini kimelegea, ukingo umekuwa mpana. Ukiziona hivyo ujue zimeamka. Hizi ndio za kuogopa, Rukia. Zile za mbio zinapigana na yeyote. Hizi zinapigana na mmoja tu, zinayemjua."

Yaliyobaki alinieleza vipande vipande kwa miaka, na mengine nimeyasikia kwa madaktari, nami nimeyaweka kichwani kwa namna yangu. Namna yangu ni mji huu wetu, kwa vile miji mingine sijaiona.

Kirusi hana jiko lake. Vijidudu vingine hukaa nje, kichochoroni, na huko hukamatika. Kirusi huingia ndani ya nyumba ya mtu, hufunga mlango, hukamata jiko na unga wa wenyewe, akaanza kujipika mwenyewe, wengi, mpaka nyumba ipasuke na watoto wake wamwagike mtaani. Ukipita nje utajuaje? Nyumba ile yenyewe hufanya mambo mawili. La kwanza, hupiga ukelele kwa majirani: fungeni madirisha! Na majirani hufunga kweli, hupunguza upishi wao, ndiyo maana mwili mzima unachoka na huna hamu ya kitu. La pili ni mila ya seli zote, zenye afya na zenye maradhi: kila moja huanika nje kipande cha kinachopikwa ndani. Fikirini nguo kwenye kamba za roshani. Apitaye chini hujua humu mna mtoto mchanga, humu mna askari. Basi limfositi za kuua hupita zikitazama kamba. Zikiona nguo ngeni inayowahusu, nyumba ile inabomolewa, na kirusi humo humo. Na kama kirusi mjanja kaficha kamba, hakuna nguo hata moja? Kuna walinzi wa aina nyingine, na hao shaka yao ni nyumba isiyoanika kitu.

Lakini zile za kuua haziamki zenyewe. Lazima kuwe na mpeleka habari, anayekwangua kipande pale penye maradhi na kwenda nacho mpaka kwenye mitoki, zile tezi za kwapani, shingoni na kinenani zinazovimba ukiumwa. Humo limfositi zimejazana, kila moja imezaliwa inaijua nguo moja tu ya duniani, na nyingi zinakufa bila kuiona. Mpeleka habari anapita nayo: yako hii? Yako hii? Mpaka aipate mwenyewe. Na hata huyo akiipata hakurupuki. Iko limfositi ya tatu, msaidizi, hiyo lazima nayo ikubali. Ni kama posa: kijana kapenda, lakini mpaka wakubwa watie neno. Wakishakubaliana ndipo zinapozaana kwa maelfu, hawa wakaenda kubomoa nyumba, na wenzao wa aina nyingine wakatengeneza kingamwili, vitu vidogo vidogo vinavyomwagwa kwenye damu kumkamata kirusi kichochoroni kabla hajaingia mlango wa watu. Yote hayo huchukua siku, na siku hizo wewe uko kitandani unaugulia.

Kirusi akishindwa, jeshi lile karibu lote hufa. Zinabaki chache, zinarudi kuwa za duara, nyeusi, zisizo na pambo. Zinakaa. Zinaweza kukaa umri wa mtu mzima.

Nilidhani hilo nalijua. Nimelijua kweli mwaka juzi, wakati wa harusi ya Zuhura.

Zuhura na Asya ni watoto wa kaka yangu, na mama yao ni wifi yangu Bi Mgeni wa Mwanakwerekwe. Nyinyi wakubwa mnakumbuka, wadogo mlikuwepo mnakula tu. Zuhura alikuwa amewekwa ndani kwa ajili ya harusi, anasingwa mwili ung'ae, na somo wake, kungwi wa kumfunda, alikuwa Bi Kidawa, ambaye singo lake la liwa, karafuu, manjano na mawaridi linanukia mpaka barabarani. Asubuhi moja simu ikalia, Asya huyo.

"Shangazi shikamoo. Njoo, Zuhura kaungua."

"Marahaba. Kaungua na nini?"

"Na singo."

Nikajifunga buibui nikaaga majirani. Nilipofika uani nikakuta kambi mbili. Bi Mgeni kasimama mlangoni, mikono kiunoni. Bi Kidawa kakaa juu ya mkeka, kakumbatia bakuli lake kama mtu aliyeambiwa litachukuliwa.

"Mie nshawasinga mabiharusi wa mji huu na mama zao!" anasema Bi Kidawa. "Hapana hata mmoja aliyetoka na lengelenge!"

"Basi haya ya leo yametoka wapi?" anajibu Bi Mgeni. "Yamekuja na posta?"

"Labda ngozi ya kwenu nyepesi."

"Ngozi ya kwetu?"

Nikawapita. Ndani Zuhura kalala kifudifudi, manjano mwili mzima, analia kwa sauti ndogo. Nikamfunua mgongo. Mimi si daktari na sijawahi kujifanya, lakini kutazama ndiyo kazi niliyoifanya. Mtu akiungua, malengelenge yake yote huzaliwa siku moja. Haya yalikuwa ya rika mbalimbali. Hapa kipele chekundu ndiyo kwanza kinachomoza, hapa kina maji kama tone la umande, hapa kishakauka kimefanya gamba. Babu, baba na mjukuu kwenye mgongo mmoja.

"Homa umepata lini?"

"Tangu juzi, shangazi. Nlidhani hofu ya harusi."

"Hii tetekuwanga, mwanangu. Mtapelekana kwa daktari aseme yeye, lakini hii tetekuwanga."

Kule uani Bi Kidawa akasikia, akainuka na bakuli lake. "Nlisema!" akapiga ukelele. "Nlisema mie si singo!" Hakuwa amesema lolote la namna hiyo, lakini heshima yake ilikuwa imerudi, tukamwachia.

Mimi lakini nilikuwa nimeshakumbuka jambo jingine. Nyote mnajua kuwa biharusi aliyewekwa ndani halali peke yake.

"Zuhura, unalala na nani humu?"

"Na mimi," sauti ikajibu nyuma yangu.

Asya alikuwa kasimama na bakuli la uji wa mdogo wake, limeegemea juu ya tumbo. Mimba yake ilikuwa imeshapita nusu. Kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika nyingine, na sisi wakubwa tulikuwa hatuitaji mimba ile kwa sauti, tunaizunguka kama kitu cha udongo mbichi. Na yeye kwa usiku kadhaa alikuwa kitanda kimoja na Zuhura, mto mmoja, shuka moja, kirusi kikitoka kwa pumzi hata kabla ya kipele cha kwanza.

"Asya, weye ushaugua tetekuwanga?"

Aliyejibu ni mama yake, na sura imebadilika. "Huyu hakuugua. Wote waliugua ila yeye."

Hadithi hiyo katika ukoo wetu kila mtu anaijua. Zamani mtoto mmoja akitokwa na tetekuwanga, mama aliwalaza wote pamoja, waugue mara moja wamalize, asije akauguza mwaka mzima mmoja baada ya mwingine. Bi Mgeni naye alifanya hivyo kaka yao alipotokwa na vipele, na Zuhura alikuwa hajazaliwa. Lakini Asya alikuwa na pumu, na bibi yao mzaa mama, Bibi Mize wa Kiwengwa, alipopata habari alikuja akamkwapua mtoto. "Huyu hamtamuua," alisema, akaondoka naye hadi maradhi yakaisha. Mpaka anaingia kaburini alikuwa akijisifu: wote waliugua, mmoja nilimwokoa. Asya mwenyewe kilichombakia cha safari ile ni kuichukia Kiwengwa. Mpaka leo hataki kulala huko. Anasema mbu wa Kiwengwa wana meno.

"Si maradhi ya watoto tu haya?" akauliza Bi Kidawa, kwa upole sasa.

Kwa mtoto ndiyo, mara nyingi hupita. Kwa mja mzito asiyewahi kukutana nayo yanaweza kushuka mapafuni, na yanaweza kumfikia aliyemo tumboni. Hilo sikulisema lote pale uani. Nilimchukua Asya mkono tukaenda.

Daktari wa kliniki ya wajawazito alikuwa binti mdogo, mpole, anauliza jambo moja moja na kungoja jibu. Zuhura naye alikuwa ameshaonwa na daktari mwenzake, aliyethibitisha: tetekuwanga. Alipomaliza kumsikiliza Asya nikajitia ushujaa.

"Daktari, nitolee tone moja, nikaitazame damu yake mwenyewe. Mimi nimefanya kazi hiyo."

"Utaona nini, shangazi?"

"Limfositi."

"Utaziona. Ya mtu aliyeugua utaipambanua vipi na ya mtu asiyeugua?"

Alikuwa hanikejeli, aliuliza kama anayetaka kujua. Na jibu ni kuwa huwezi. Limfositi inayoijua tetekuwanga na isiyoijua ni za duara sawa, nyeusi sawa, ukingo sawa. Miaka yote ile nimetazama nyuso zao, na hata mara moja sikuweza kusema ndani yao mna nini. Nilikaa pale kwenye kiti cha kliniki nikajiona kama bawabu aliyefungua mlango wa benki maisha yake yote bila kuingia.

Ila kuna njia ya kuuliza, akatwambia. Aliyewahi kuugua huwa na kingamwili za maradhi hayo damuni, na hizo zinapimika. Kipimo chenyewe kitakwenda Bara, majibu yatakawia kidogo. Lakini damu itolewe leo leo.

"Kwa nini leo?" Asya akauliza.

"Kwa sababu kama hukuwahi kuugua, mwili wako ndiyo kwanza unajifunza, na mpaka sasa hauwezi kuwa na jibu. Tukikuta kingamwili leo, si za usiku ule na Zuhura. Ni za zamani. Tukichelewa, tutachanganya la zamani na jipya."

Na kama hazipo, akasema, kuna dawa, na tutakuwa tumejua mapema. Asya akatoa mkono wake. Nimetoboa mishipa ya watu wasiohesabika, wa siku ile nilitazama ukutani.

Nyumba ya Mwanakwerekwe ikabidi ipangwe upya. Asya akaja kukaa kwangu Mji Mkongwe, mbali na wajawazito wenziwe na watoto wachanga, kwani huenda naye alikuwa amebeba. Mimi niliugua nikiwa mtoto, kovu ninalo puani mnalijua, mmelicheka vya kutosha. Kwa Zuhura akatakiwa mtu wa kuingia na kutoka, na swali likawa moja kwa kila aliyepita mlangoni: ushaugua? Bi Mgeni ndiyo, lakini ana harusi mikononi. Shangazi za upande wa pili hawajui. Mwisho Bi Kidawa akavua ushungi, akaonyesha kidimbwi kidogo cha kovu juu ya nyusi.

"Cha tangu utotoni," akasema. "Nipisheni."

Basi yule aliyeambiwa kamuunguza ndiye aliyemuuguza. Aliosha singo lote kwa maji ya uvuguvugu, akawa analala naye chumbani, na usiku anamshika mikono asijikune.

Harusi haikuvunjwa. Bwana harusi huozwa msikitini na walii wa mke, biharusi mwenyewe hana haja ya kuwepo, na sijapata kuiona faida ya mila hiyo kama siku ile. Kilichokuwa kigumu ni baada ya hapo, bwana harusi anapokuja nyumbani kumpa mkono mkewe. Bi Mgeni akamwita mama wa kijana uani kwake, akamuuliza swali ambalo sidhani limewahi kuulizwa baina ya wakwe Unguja nzima.

"Mwanao keshaugua tetekuwanga?"

"Keshaugua," mama akajibu. "Na kovu analo. Ila pahala penyewe siwezi kukuonyesha."

"Zuhura ataliona," Bi Kidawa akasema kutoka dirishani, "kwa wakati wake."

Hata hivyo mkono ukaahirishwa mpaka magamba yakauke. Ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa, na biharusi akaisikia harusi yake kupitia ukutani.

Kwangu kulikuwa kimya. Asya alikuwa akikaa pale mnapokaa nyinyi, miguu juu ya kigoda, akizungumza na Zuhura kwa simu, wakitaniana nani kakonda na nani kanenepa. Akishakata simu alikuwa anajipapasa shingo, anajitazama mikono kwenye mwanga, anatafuta kipele. Kila mbu aliyemuuma mji mzima ulisimama. Alasiri moja akaniuliza, "Shangazi, hizo seli unazozisema, zinazokumbuka. Kama mimi sinazo?"

"Zipo dawa, daktari kasema. Na mwili wako utajifunza."

"Najua utajifunza." Akaweka kiganja juu ya tumbo. "Huyu nimemngoja mno. Sitaki nijifunzie juu yake."

Nikaenda kukoroga chai ambayo hakuna aliyeitaka.

Simu ya daktari ilipokuja tulikuwa tunachambua mchele. Asya akaitazama inalia juu ya meza, hakuigusa. Nikaipokea mimi, nikaiweka kwa sauti kubwa.

"Anazo," daktari akasema. "Anazo za kutosha kabisa. Huyu keshaugua zamani."

"Haiwezekani," Asya akasema.

"Damu ndivyo inavyosema, dada. Usiwe na wasiwasi, ila ukihisi homa uje. Na kliniki usikose."

Simu ikakatika. Asya kakaa na ungo mapajani, mchele nusu safi nusu una mawe. Kisha akanishika mkono kwa nguvu.

"Shangazi. Wale mbu."

"Mbu gani?"

"Wa Kiwengwa! Bibi alikuwa akitoka kwenye mwani, miguu ina mchanga, anakuja moja kwa moja kunitazama. Mwili wote unaniwasha. Ananiogesha maji ya mwarobaini, ananipaka manjano, anambia 'Mbu hawa, mjukuu wangu, usijikune.' Na alinambia nisimwambie mama, ati mama atamwona hakuniwekea chandarua!"

Kirusi kilikuwa kimeshapanda ndani ya mtoto kabla Bibi Mize hajafika kumkwapua. Alikwenda nacho mwenyewe mpaka Kiwengwa, kimekaa kwenye mapaja yake. Na siku kilipotoka, mwanamke yule aliyekuja na maneno makubwa mbele ya ukoo mzima alimuuguza peke yake, mchana mwani, usiku mtoto mwenye pumu na homa, na hakumwambia mtu. Alimrejesha mtoto mzima, akapokea sifa, akazeeka nazo. Alitudanganya sote, mwanawe, sisi, na mtoto mwenyewe. Limfositi za Asya hakuweza kuzidanganya. Hizo zilimjua mgeni ni nani tangu siku ile, zikarudi zikakaa, duara, nyeusi, kimya, mpaka siku ya mto mmoja na shuka moja kirusi kilipogonga tena mlango, nazo zikawa zimeshasimama.

Tukampigia Bi Mgeni tukamweleza. Kisha tukasikia anacheka, anacheka huku analia, anamwita marehemu kama yuko chumba cha pili: "Mama! Mama weye! Chandarua!"

Daktari aliporuhusu, tulikwenda Mwanakwerekwe, mimi na Asya. Mlangoni kwa Zuhura Bi Kidawa akajitandaza kama polisi.

"Ushaugua?"

"Nshaugua," Asya akasema.

"Nani shahidi wako?"

Asya akamnyooshea mkono, ndani ya kiwiko, pale palipotobolewa. Bi Kidawa akampisha. Nilichokiona kabla mlango haujafungwa ni dada wawili wamekumbatiana, mmoja ana magamba na mmoja ana tumbo, kila mmoja anamwambia mwenziwe taratibu. Jioni singo likarudi, la pili, na safari hii hakuna aliyelisema vibaya.

Mtoto mnamjua, ndiye huyu Mize mnayegombania kumbeba. Alipozaliwa daktari alinambia jambo ambalo katika miaka yangu yote ya stuli hakuna aliyenambia kwa namna ile: mama humpa mtoto kingamwili zake kupitia kondo, kwa hivyo mchanga huja duniani na kinga ya kuazima. Haidumu, baada ya miezi huisha. Seli zenyewe hazipewi, lazima ajifunzie zake, kwa chanjo au kwa maradhi.

Basi nilipoletewa mtoto kwa mara ya kwanza nikampokea hapa hapa kwenye kiti changu chenye mto, nyinyi mkanitania kuwa nimepata mwenzangu wa kukaa. Nilimtazama mkono. Mbu wa mjini alikuwa ametua, ndiyo kwanza anajitayarisha, nikamfukuza. Sikuona haja ya mbu mwingine. Wa Kiwengwa alikuwa ameshafika kabla yake, kwa damu ya mama.